Wadudu wa Dirisha Moja

9 Februari

Mwanangu,

Hujambo wewe, na hajambo huyo dereva wako wa treni? Mimi sijambo. Presha imeshuka, na meno niliyobaki nayo bado yanatafuna. Kaka yangu ameniandikia kwamba magoti yake sasa yanatabiri mvua kuliko redio, na mama yako hathubutu kumwacha peke yake hata aende saluni. Kwa hiyo wazazi wako nao hawajambo, maana wanaonung'unika hivyo ni wazima.

Simu uliyonitumia nimeipata. Ni nzuri, nimeiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Usinune. Nilikuwa opereta wa simu tangu usichana hadi nilipostaafu, nawaunganisha watu na kuwasikia wakidanganyana. Kwenye simu mtu hudanganya papo hapo. Kwenye barua angalau itabidi aketi, autafutie uongo wake kalamu. Niandikie barua.

Unataka nihamie kwenu. Nimesikia, na nitakujibu. Kwanza nikupe habari ya vunjajungu.

Daktari aliniambia nitembee kila asubuhi. Nikamuuliza, niende wapi? Akasema, zunguka mtaa tu. Mwanangu, mtu mzima kutembea bila kwenda popote ni aibu. Siku za mwanzo nilibeba kikapu kitupu ili watu wadhani natoka dukani. Basi asubuhi moja, kwenye kona ya kinyozi, nikamkuta Fundi Rangi juu ya ngazi. Huyu ni mchora mabango, amefiwa na mkewe, anakaa ghorofa ya chini yangu. Ameinua brashi hewani, hapaki.

"Fundi, umeganda?" nikamuuliza.

"Taratibu, mama. Kuna mteja amekaa kwenye herufi yangu."

Kweli. Juu ya neno KINYOZI, kwenye ile K, palikuwa na vunjajungu wa kijani, mikono kaikunja kifuani kama anayesubiri zamu ya kunyolewa. Fundi alikataa kumgusa. Rangi ikamkaukia kwenye brashi. Tukasimama wote wawili, mmoja juu, mmoja chini, hadi mdudu alipoamua mwenyewe kuondoka.

Nimeishi mtaa huu tangu baba yako hajaoa, na sikumbuki kumwona hata mmoja. Au niliwaona wengi nikadhani ni majani. Kikapu nimekiacha nyumbani.

Karatasi imeisha. Lile la kuhama tutaliongea.

Shangazi yako


2 Machi

Shikamoo shangazi,

Barua yako imenikuta salama, nami nimecheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Mwenzangu yuko njiani na treni yake, anarudi Ijumaa, anakusalimu. Kazini kumetulia kidogo.

Shangazi, usinizungushe na vunjajungu. Mwaka jana ulianguka bafuni ukalala sakafuni mpaka mwenye nyumba alipokuja. Sisi huku tuna chumba kizima kimekaa bure. Nimeshakipakisha rangi, na bafu lake halina kizingiti. Ukija utakuwa na mtu wa kuongea naye mchana kutwa.

Lakini habari zako usiache kuniandikia. Andika ndefu. Siku hizi nina nafasi ya kusoma.

Mimi pia nina mdudu wangu, usidhani umetangulia sana. Ni nyigu, mwembamba kiunoni utadhani atakatika. Anajenga kwa udongo pembeni ya fremu ya dirisha. Anakuja na kidonge cha tope kinywani, anakipachika, anakisawazisha, anaondoka, anarudi. Hana haraka, na hapumziki. Nimepima viwanja miaka yote hii na sijawahi kuona fundi anayejenga bila kugombana na mtu.

Na huyo Fundi Rangi ndiye nani hasa?

Mwanao


20 Machi

Mwanangu,

Natumaini u mzima na nyumba ina amani. Mimi mzima. Kaka yangu naye ameanza kuvaa soksi mbili mbili.

Fundi Rangi nilishakuambia ni nani. Mchora mabango. Siku hizi tunatembea pamoja kwa sababu njia ni moja na siwezi kumkataza barabara. Ana macho makali. Yeye ndiye aliyemwona kinyonga kwenye ua wa zahanati. Mimi nilikuwa nabisha kuwa ni tawi hadi tawi liliponigeuzia jicho moja. Mimi nami nikamwonyesha nguchiro nyuma ya benki, mama na watoto wake, wamejipanga mstari wananusa mlango wa wafanyakazi. Fundi akasema, "Hao wamekuja kuomba kazi." Nikacheka nikashika ukuta.

Sasa sikiliza hili. Unalikumbuka lile sanduku la chuma la nyaya za simu, pale mbele ya duka la mkate? Nyaya zenyewe zilikatwa zamani. Wiki iliyopita nyuki wamehamia humo. Kundi zima. Wanaingia kwa kitundu cha kufuli na kutoka hapohapo, wanapishana bila kugongana.

Nikaweka sikio kwenye chuma. Fundi akaniita kwa ukali, nikampungia mkono anyamaze. Mwanangu, ni sauti ileile. Ule ukumbi wetu wa zamani, wasichana safu nzima, kila mmoja anaongea na mteja wake kwa wakati mmoja, na ukiingia kutoka nje huwezi kushika neno hata moja, unasikia kazi tu inafanyika. Nilisimama pale mpaka sikio likapata joto.

Mwenye duka la mkate anataka kuwamwagia mafuta ya taa awachome. Simlaumu sana, wateja wanaogopa. Jana alitoka na kopo mkononi. Nikasimama mbele ya sanduku, nikamwambia, "Mwanangu, ukimwaga hayo mafuta, anza na sketi yangu."

Akaangalia sketi, akaangalia watu waliojaa. "Mama, nakupa mpaka Jumamosi."

Fundi amechora bango akaliweka palepale: NYUMBA INA WENYEWE. Tunamtafuta mfuga nyuki. Ndiyo maana nimeandika mbiombio.

Shangazi yako


11 Aprili

Shikamoo shangazi,

Jumamosi ilikuwaje? Umeniacha katikati ya barabara na kopo la mafuta ya taa! Mwenzangu alinisomea barua yako, na alipofika kwenye sketi ikabidi aanze upya, mimi nimefumba macho nikitaka kuliona tukio lote.

Sisi wazima. Kazini wamenipa muda kidogo wa kupumua. Baba na mama nimewaandikia, nimewaambia hakuna jipya.

Nyigu wangu amemaliza chumba cha kwanza. Amekijaza viwavi wadogo wa kijani, kisha akakiziba na kukilainisha hata huoni mlango ulikuwa wapi. Ndani humo ameacha yai. Mwenzangu anasema viwavi hao hawajafa, wamelala tu, ili chakula kisioze kabla mtoto hajakihitaji. Tangu aniambie hivyo siwezi kuacha kuangalia pale. Pia nina mjusi aliyekatika mkia, mkia mpya umeanza kuota kama kidole. Tetere wawili hukaa kwenye bomba la maji ya mvua na kusukumana. Buibui mmoja yuko kona ya juu kushoto. Sisimizi hupita chini ya pazia kila alasiri, sijui wana mkutano gani.

Chumba chako bado kinakungoja. Usiponijibu safari hii nitajua umeamua kunikwepa.

Mwanao


19 Mei

MWANANGU MPENDWA,

NATUMAINI HUJAMBO. Mimi sijambo kabisa. Utaona mwandiko umebadilika. Kalamu yangu imegoma, na Fundi Rangi amejitolea kuniandikia kwa ile yake huku mimi nikikunja nguo. (Hakunji nguo. Mwandishi.) Samahani pia kwa kuchelewa. Tulikuwa na mambo mengi ya nyuki.

Mfuga nyuki alipatikana. Ni mwanamke, alikuja na pikipiki, na kofia yenye wavu ameifunga nyuma kama mzigo wa mboga. Mtaa mzima ulitoka. Alifungua sanduku la simu polepole, akapuliza moshi kidogo, akatia mkono wake humo kama anayetafuta chumvi kabatini. Masega yalikuwa yamejishika kwenye nyaya zetu za zamani, manjano na meupe. Akamtafuta malkia, akampata, akamweka kwenye mzinga wa mbao, na wengine wote wakamfuata. Wakaingia kwa miguu, mwanangu, wakitembea kama wafanyakazi wanaoingia zamu. Watu wakapiga makofi. Mwenye duka la mkate alipewa kipande cha sega, akaramba vidole, akasema kumbe hata yeye hakuwa na ugomvi nao.

Mzinga uko shambani kwa yule mama, nje ya mji. Ametuambia twende kuutembelea tukipenda. Mimi nilirudi nyuma kidogo wakati ule kwa ajili ya usalama. (Alirudi nyuma kwa kasi. Mwandishi.)

Fundi ananiingilia barua. Nitaishia hapa.

SHANGAZI YAKO

Nyuma ya karatasi, kwa herufi ndogo:

Binti, salamu. Nyuki mmoja alimuuma shangazi yako shingoni, akaruka, akakanyaga ukingo wa mtaro, akaangukia mkono. Umevunjika juu kidogo ya kiganja. Umefungwa plasta na unaunga vizuri, ila huo ndio mkono wake wa kuandikia. Asubuhi nampelekea chai na jioni dada yangu humsaidia kuoga. Niliapa kwamba sitasema. Kuandika sikuapa.


30 Mei

Shikamoo shangazi,

Pole. Sitasema nimejuaje. Herufi zako zimesimama kama bango la duka la viatu, na wewe unadhani mimi ni mtoto.

Nimekasirika, kisha nimelia, kisha nimekasirika tena. Ungeniandikia hata mstari mmoja! Nilikuambia nini kuhusu kukaa peke yako? Ningekuwa kwenye basi leo hii, ila nimebanwa hapa, siwezi kutoka. Mwenzangu akipata likizo atakuja akuchukue na mizigo yako. Usibishane naye, ni mpole, atakubali kila utakalosema na mwishowe atarudi mikono mitupu.

Mwambie huyo mwandishi wako asante kwa chai.

Sikutaka kuandika mengine, lakini sina mwingine wa kumwambia. Jana asubuhi udongo wa nyigu wangu ulitoboka. Mwanzoni nilidhani umebomoka tu. Kumbe kitundu kilikuwa kinakatwa kutoka ndani. Kikatoka kichwa, kikarudi, kikatoka tena. Kisha akatoka nyigu mchanga mwili wote, mwembamba, mbichi, akasimama juu ya fremu akikausha mabawa. Alipoyumba nilishika pumzi. Halafu akaruka tu, akaenda zake.

Nililia, shangazi, sijui kwa nini. Alitoka mzima.

Mwanao


9 Juni

Mwanangu,

Fundi anaandika, na safari hii nimemwambia asitie lake hata nukta.

Nimezipanga barua zako mezani, nikazisoma kwa mfululizo. Mimi ninayetembea nina nguchiro wa benki, kinyonga wa zahanati, nyuki wa barabarani. Wewe una nyigu wa dirishani, mjusi wa dirishani, tetere wa dirishani, buibui wa kona ya juu kushoto. Wewe ni mpima ardhi, mwanangu. Wewe ukikaa siku mbili bila tope kwenye viatu unaumwa. Mbona wadudu wako wote ni wa dirisha moja?

Na mbona unasomewa barua ukiwa umefumba macho? Na mbona "umebanwa", wewe ambaye ulikuja kunizikia mume wangu kwa lori la mchanga kwa sababu basi lilikuwa limejaa?

Nilidhani unaniita nikaangaliwe. Nimekuwa mzito wa kuelewa. Hukujua namna ya kuomba, ukaona upake chumba rangi.

Sitauliza kitu, na wewe usinijibu, maana barua yako haitanikuta. Nakuja kwa basi la Jumatatu. Mkono mmoja unatosha kumshika mtu mkono. Fundi ananikatia tiketi ya dirishani.

Kaa palepale ulipo. Usiinuke kunifungulia mlango. Mwambie dereva wako auache wazi.

Shangazi yako


21 Septemba

Shikamoo shangazi yangu,

Umefika salama? Nyumba imekuwa kimya tangu uondoke, ingawa mama yupo na binti yangu anapiga kelele kama filimbi ya baba yake. Mama amemkabidhi baba kwa kaka mkubwa, na sasa ananilisha kama anayenenepesha ng'ombe wa mnada.

Kuna jambo sikuwahi kukuambia kwa mdomo, miezi yote ile uliyokaa kwenye kiti kando ya kitanda changu, ukinifunga na kunifungua nywele kwa mkono mmoja. Wala hukuniuliza hata siku moja. Mara mbili zilizopita niliwatangazia watu mimba mapema. Mara mbili ilibidi nipokee pole za nyumba nzima, mtu mmoja mmoja, huku nikiwaandalia chai. Safari hii daktari aliposema nilale na nisinyanyuke mpaka wakati ufike, niliapa asijue mtu. Nilidhani nikinyamaza, hata msiba ukija utakuwa mdogo. Kisha nikaona kimya chenyewe kizito kuliko msiba, ndipo nikaanza kukusumbua uhamie kwangu.

Sasa nina mtoto mdogo kama kiganja na mkali kama pilipili, na wewe ndiye mtu wa kwanza aliyemshika baada ya mkunga. Uliposema, "Karibu, tulikuwa tunakusubiri," nilimsikia mwenzangu akilia nje ya mlango.

Jana nimetembea. Mama alinishikia mlango na kuhesabu hatari zote za barabarani, nikambeba mtoto kifuani, nikaenda mpaka mwisho wa mtaa. Huu mtaa niliupima mimi. Pale mwisho kuna jiwe la mpaka nililolisimika kwa mikono yangu. Nikachuchumaa kupumzika, nikakuta sisimizi wamepitisha barabara yao juu ya jiwe, kutoka kiwanja hiki kwenda kile, bila kuomba kibali ofisini. Nikamgeuza mtoto aone. Hakuona kitu, alipiga chafya. Lakini nilifurahi, shangazi, nikakaa palepale chini na gauni langu safi.

Suala la kuhama sitakuuliza tena. Chumba ni chako, uje ukitaka na uondoke ukitaka.

Ila swali moja ninalo. Kila wiki ulikuwa unapokea bahasha yenye herufi za bango. Ulizisoma zote ukiwa umenipa mgongo. Zilikuwa na michoro, niliona panzi mmoja kwa mbali. Shangazi, huyo Fundi Rangi ndiye nani hasa?

Mwanao


14 Oktoba

Mwanangu, mama yake binti yetu,

Huu ni mwandiko wangu mwenyewe. Umepinda kidogo lakini unatembea. Nilifika salama. Mpe mama yako salamu, umwambie asikulishe mpaka ukashindwa kuinama kuwaona sisimizi. Mwambie na dereva kwamba baba anayelia nje ya mlango ndiye baba, sijaona kosa.

Mtaa haujambo. Kinyozi ameongeza kiti. Tulikwenda shambani kwa mfuga nyuki, tukakaa mbali na mzinga, mimi mbali kuliko wote. Nyuki wetu wanajulikana kwa kazi yao, asali nimekuwekea.

Umeniuliza mara mbili, na mara ya kwanza nilikujibu nusu. Basi.

Wiki iliyopita bomba lilipasuka karibu na shule, likaacha dimbwi kubwa, na kereng'ende wakaja kutoka nisikokujua, wekundu kama rangi ya kucha. Tukaketi kwenye ukuta kuwaangalia. Wawili walikuwa wameshikana, wanaruka pamoja juu ya maji.

Fundi akakohoa. "Hata hawa wamekubaliana," akasema.

"Fundi, sema unalotaka kusema, ama unyamaze tuangalie."

Akavua kofia. Akasema yeye si kijana, kwamba ngazi siku hizi anazipanda kwa dua, kwamba ghorofa moja si safari ndefu lakini amechoka kuipanda na kikombe cha chai mkononi kinachopoa. Akasema hataki jibu leo.

Nikamwambia, "Ngoja kwanza hawa watue."

Wakazunguka, wakazunguka, nami nikaona mwenzangu anawafuata kwa macho kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Mwishowe wakatua kwenye jani.

"Basi leta kikombe, na kiti chako pia," nikamwambia.

Tumefunga ndoa Alhamisi, mbele ya dada yake na mwenye duka la mkate. Sikuwaita, na sitaki malalamiko. Familia yetu inajua kuficha mambo, wewe ukiwa mwalimu wao. Sherehe mtaifanya mkija Desemba. Anachora bango sasa hivi la kuwapokea stendi, amenikataza kuliona, na amepata rangi hadi masikioni.

Limebaki jambo moja, na litagawa ukoo. Kaka yangu atamwita shemeji, hilo halina ubishi. Lakini wewe? Mama yako, namjua, atasema mume wa shangazi ni mjomba. Baba yako atasema mjomba ni ndugu wa mama tu, huyu aitwe baba. Nikamuuliza mwenyewe. Akafikiri, brashi hewani, akasema kwamba miaka mingi hajaitwa na mtu yeyote kitu chochote isipokuwa Fundi, na kwamba litakalokutoka mdomoni utakaposhuka kwenye basi, yeye ataitika.

Shangazi yako